Uzi: Shaba kwenye seli za ubongo. Wilson, Menkes, Alzheimer, na hawa wanaouza dawa za "kuvuta madini"

Mchanga_Mweupe

Wakuu, salaam.

Siku hizi kuna maneno yanasambaa kwamba shaba ndiyo inayoleta ugonjwa wa kusahau, na kwamba ukinywa dawa ya kuvuta madini ubongo unasafishika. Upande wa pili wapo wanaouza vidonge vya shaba vya "kuimarisha neva". Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli akakimbia nacho sokoni. Mimi ni mtu wa biokemia, si tabibu, lakini mada hii naifahamu vizuri kidogo, kwa hiyo naiweka mezani.

Kwanza kiasi. Mwili mzima wa mtu mzima una shaba kama miligramu 100 tu. Mahitaji ya siku ni maikrogramu 900, yaani haifiki hata miligramu moja. Ubongo nao ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na ni miongoni mwa viungo vyenye shaba nyingi. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Oksijeni unayovuta huishia kwenye mitokondria (viwanda vya nishati vya seli), kwa kimeng'enya kinachoitwa saitokromu c oksidesi, na kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila shaba ndani yake. Oksijeni inaweza kuwepo tele na seli ikashindwa kuitumia. Shaba ndiyo pia inayowezesha dopamini kugeuzwa kuwa noradrenalini (zote ni kemikali ambazo neva hutumia kupashana habari), na imo ndani ya SOD1, protini inayozima sumu zinazotokana na oksijeni.

Sasa ubaya wake. Shaba inafaa kwa kazi hizo kwa sababu inapokea elektroni na kuitoa kwa wepesi sana. Ikiwa huru, wepesi huohuo unaigeuza haidrojeni peroksaidi kuwa radikali ya haidroksili, kitu kikali kinachorarua chochote kilicho karibu. Na ubongo umejaa mafuta, ambayo ndiyo huliwa kwanza.

Kwa sababu hiyo seli haiachi shaba itembee peke yake hata hatua moja. Inaingia kupitia mlango uitwao CTR1, na ikishaingia tu inapokelewa na protini ambazo ni kama wapagazi, kila mmoja na mzigo wake na anwani yake. ATOX1 hupeleka kwenye pampu ATP7A na ATP7B, CCS hupeleka kwa SOD1, COX17 ni wa mitokondria. Inayobaki hufungwa na metalothionini na glutathioni. Mwaka 1999 kundi la O'Halloran na Culotta lilikokotoa kwenye seli za hamira likapata kwamba shaba huru kabisa haifiki hata atomu moja kwa seli. Mabilioni ya molekuli mle ndani, na atomu ya shaba isiyo na mwenyewe hakuna.

Kwa hiyo mtu akikwambia "una shaba nyingi" au "una shaba kidogo", muulize: wapi? Na imeshikwa na nani? Uzi wote huu unazunguka hapo.

Nitaendelea na magonjwa. Karibuni.

kinyonga77

Nimekaa siti ya mbele. Endelea mkuu.

Mchanga_Mweupe

Tuanze na magonjwa mawili ambayo hayana ubishi, maana chanzo chake kinajulikana hadi kwenye jeni.

Kuna pampu mbili zinazofanana sana. ATP7A inafanya kazi kwenye utumbo na kwenye mishipa midogo inayolinda ubongo: inavusha shaba kutoka utumbo kwenda damuni, na kutoka damuni kwenda ubongoni. ATP7B inafanya kazi zaidi kwenye ini: inaipachika shaba kwenye ceruloplasmini (protini inayobeba shaba damuni), na ziada inaitupa kwenye nyongo. Nyongo ndiyo njia kuu ya shaba kutoka mwilini, mkojo hutoa kidogo sana.

ATP7A ikiharibika unapata ugonjwa wa Menkes. Shaba inakwama kwenye kuta za utumbo na ubongo unakaa na njaa. Ni ugonjwa wa kurithi unaowapata zaidi watoto wa kiume, kwa kuwa jeni yake iko kwenye kromosomu X. Mtoto anazaliwa akionekana sawa, baada ya miezi michache anaanza degedege, anarudi nyuma kimakuzi, nywele zinakuwa kavu, hafifu na zilizosokotana. Wengi hawafiki mbali zaidi ya miaka mitatu. John Menkes aliueleza mwaka 1962, lakini chanzo kilijulikana muongo mmoja baadaye huko Australia. Daktari David Danks aliziona zile nywele zikamkumbusha sufu ya kondoo waliokosa shaba malishoni. Wafugaji wa kule walikuwa wanajua tangu miaka ya 1930 kwamba kondoo akikosa shaba akiwa na mimba, anazaa mwanakondoo anayeyumba miguu ya nyuma. Akapima shaba za watoto wale, akakuta iko chini. Mimi kisa hiki nakipenda kuliko vyote kwenye fani hii. Jibu lilikuwa zizini.

ATP7B ikiharibika unapata ugonjwa wa Wilson, kinyume chake. Shaba inajaa kwenye ini, ini likishindwa inamwagika, na ubongo ni sehemu mojawapo inakotua. Kinnier Wilson aliuandika mwaka 1912. Hutokea kwa takriban mtu 1 kati ya 30,000.

Pampu moja ikifa ubongo unakauka shaba, nyingine ikifa unafurika. Seli za neva zinakufa kote kote.

Binti_Maabara

Hapo kwa Wilson naomba nikazie, maana nafanya kazi maabara na vipimo vyake vinawachanganya watu kila mara.

Mtu anapima "shaba ya damu", inarudi CHINI, anaambiwa basi huyu hana Wilson. Kosa kubwa. Sehemu kubwa ya shaba ya damu imebebwa na ceruloplasmini. Kwa mgonjwa wa Wilson ceruloplasmini inakuwa pungufu kwa sababu ini halikuipachika shaba, kwa hiyo jumla ya shaba damuni inaweza kuonekana ndogo wakati ini na ubongo vimejaa. Ndicho alichosema mtoa mada: imeshikwa na nani?

Tunachoangalia ni ceruloplasmini (chini ya miligramu 20 kwa desilita tunaanza kushtuka, chini ya 10 tunashtuka sana), pamoja na shaba kwenye mkojo wa saa 24. Kwa mtu mzima mwenye dalili, mkojo ukizidi maikrogramu 100 kwa siku, huo ni ushahidi mzito. Na jamani, huo mkojo ukusanywe kwenye chombo kilichosafishwa kisiwe na chembe za madini. Tunaletewa mkojo kwenye chupa yoyote iliyookotwa, halafu watu wanashangaa majibu. Ceruloplasmini nayo hupanda mtu akiwa na uvimbe mwilini, akiwa mjamzito, au akitumia dawa za uzazi zenye estrojeni, kwa hiyo namba "nzuri" haimalizi kesi.

Halafu kuna jicho. Pembeni ya mboni, pale weusi wa jicho unapokutana na weupe, hujengeka pete ya rangi ya kahawia inayoelekea kijani au dhahabu. Inaanzia juu, halafu chini, mwisho inazunguka yote. Inaitwa pete ya Kayser na Fleischer. Kwa macho tu waweza usiione, hasa jicho likiwa jeusi, inatakiwa taa maalumu ya daktari wa macho. Wenye dalili za neva karibu wote wanayo. Wenye dalili za ini peke yake ni kama nusu.

Jongoo_Mzee

Dada Binti Maabara umenigusa. Mdogo wangu alizungushwa na ugonjwa huu. Alianza kwa mwandiko: herufi zikawa ndogo, zinabanana, hadi mwalimu wake akadhani anafanya makusudi. Halafu mate yakawa yanamtoka, maneno yanatamkwa kizito, na akinyoosha mikono pembeni inapiga kama mabawa ya ndege. Hasira za ghafla ndizo zilizotupoteza. Tulipompeleka mara ya kwanza alipewa dawa za akili akarudishwa nyumbani, hakuna aliyetazama macho. Daktari aliyekuja kumwelewa alizima taa ya chumba, akammulika jicho kwa pembeni, akaita wenzake waje waone.

Sasa anatumia dawa, anatembea, anafanya kazi, ila ulimi haujarudi vizuri. Swali: kwa nini alipoanzishiwa penicillamine wiki za mwanzo alizidiwa? Tuliogopa sana.

Mchanga_Mweupe

Pole sana mzee wangu, na shukrani kwa kushirikisha.

Hilo linafahamika. Penicillamine, iliyoanzishwa na John Walshe mwaka 1956, ndiyo iliyoufanya Wilson uwe ugonjwa unaotibika kwa vidonge. Inafanya kazi kwa kuishika shaba na kuitoa kwa mkojo. Lakini mwanzoni inaichokonoa shaba iliyokuwa imetulia kwenye hifadhi zake, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba sehemu yake hupita ubongoni kabla haijatoka. Baadhi ya wenye dalili za neva hushuka hali hapo mwanzo, na si wote wanaorudi walipokuwa. Ndiyo maana madaktari wengi huanza na dozi ndogo na kupanda polepole, au hutumia trientini (dawa nyingine ya kutoa shaba), au zinki.

Ona basi: mtu ambaye shaba imemzidi kwelikweli, ukiihamisha kwa pupa unamuumiza. Wanaouza dawa za kuvuta madini kwa mtu mzima wa afya hawasemi hili.

Upanga_Butu

Mkuu unazunguka sana. Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, je? Utandu wa amiloidi, yaani protini zilizogandamana kwenye ubongo wa wagonjwa, umekutwa na shaba, hilo liko wazi. Sungura walipewa maji yenye shaba kidogo wakapata amiloidi. Kama kitu kimekutwa eneo la tukio, tunakitoa. Hiyo ndiyo akili ya kawaida.

kinyonga77

Zima moto nao hukutwa eneo la tukio 😂

Mchanga_Mweupe

Upanga_Butu, hoja yako ni ya kweli nusu, na hiyo nusu ina uzito, ngoja tuiheshimu.

Ni kweli madoa ya amiloidi yana shaba, zinki na chuma kwa wingi. Ashley Bush na Rudolph Tanzi walifanya kazi kubwa hapa tangu miaka ya 1990. Amiloidi ya binadamu inaishika shaba kwa histidini zake (aina ya asidi amino) za namba 6, 13 na 14, na ikishaishika inaweza kutengeneza haidrojeni peroksaidi palepale. Amiloidi ya panya haina histidini ya namba 13, pale kuna arginini, na panya wa kawaida hapati madoa hayo hata akizeeka. Hiyo peke yake haithibitishi kitu, lakini inafikirisha.

Sasa nusu ya pili. Ukipima tishu ya ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer kwa ujumla, shaba huwa IMEPUNGUA ukilinganisha na watu wa umri wake. Kwenye madoa imejaa, ndani ya seli ina njaa. Shaba imehama kutoka kwa wapagazi wake ikaenda kukaa na takataka nje ya seli. Dawa inayozoa shaba yote bila kuchagua inaweza kupunguza ile ya madoa, na palepale ikazidisha njaa ndani ya nyuroni (seli za neva).

Sungura wako nawajua, ni utafiti wa mwaka 2003, maji yalikuwa na shaba miligramu 0.12 kwa lita. Lakini sungura hao walikuwa wanalishwa chakula chenye kolesteroli nyingi. Ni jambo la kuchunguzwa, ila huwezi kulibandika juu ya binadamu anayekunywa maji. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 2 kwa lita.

Na wazo lako la "tunakitoa" limeshajaribiwa. Dawa ya klayokwinoli ililetwa kwa kazi hiyo. Historia yake sasa: Japani iliipiga marufuku mwaka 1970 baada ya watu kama elfu kumi kupata ugonjwa wa uti wa mgongo na macho uitwao SMON, ilipokuwa ikinywewa kwa matatizo ya tumbo. Baadaye ikaja ndugu yake, PBT2, iliyotengenezwa kwa akili zaidi: haikusudii kuitupa shaba nje, inaichomoa kwenye amiloidi na kuirudisha ndani ya seli. Wazo zuri kabisa. Mwaka 2014 jaribio lake kwa wagonjwa halikufikia lengo kuu la kupunguza amiloidi.

Upanga_Butu

Basi wapewe vidonge vya shaba, kama seli zina njaa.

Mchanga_Mweupe

Nayo imejaribiwa. Ujerumani, matokeo yalitoka mwaka 2008: wagonjwa wa Alzheimer wa hatua za mwanzo walipewa miligramu 8 za shaba kila siku kwa mwaka mzima. Haikuwadhuru, na kumbukumbu zao haikuzisaidia kitu. Unaweza kujaza bohari wakati wapagazi wamegoma, mzigo hautafika.

Upanga_Butu

Hapo umenibana. Ila sijakubali kwamba haina lawama.

Mchanga_Mweupe

Wala mimi sijasema haina. Inashiriki. Kama ndiyo inayoanzisha au inafuata baada ya moto kuwaka, hapo watafiti bado wanavutana.

Nyuroni_Moja

Naomba kuongeza upande wa ALS (ugonjwa unaoua nyuroni zinazoendesha misuli) na Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na mwili kukakamaa), ndiko ninakosoma kwa sasa.

Mwaka 1993 ulikuwa wa ajabu kwenye fani hii. Jeni ya Menkes, jeni ya Wilson, na ugunduzi kwamba baadhi ya familia zenye ALS zina hitilafu kwenye SOD1, vyote vilitoka mwaka huohuo. SOD1 ni protini ya shaba na zinki. Isipopewa shaba yake ipasavyo inalegea, haikunjiki sawasawa, inaanza kugandamana kwenye nyuroni zinazoendesha misuli. Kuna kampaundi inaitwa Cu-ATSM inayobeba shaba hadi ubongoni. Kundi la Joseph Beckman huko Oregon, kwenye utafiti wa 2016, liliipa panya wa aina maalumu, wenye SOD1 mbovu ya binadamu na CCS ya ziada, ambao kwa kawaida hufa ndani ya wiki chache. Wakaishi zaidi ya mwaka. Walipoikatisha, panya wakaanza kuugua. Walipoirudisha, wakatengemaa. Kwa binadamu mambo hayajawa matamu namna hiyo. Dawa iliyokubaliwa Marekani mwaka 2023 kwa ALS ya SOD1, tofersen, haigusi shaba kabisa. Inapunguza utengenezaji wa protini yenyewe.

Parkinson: ile sehemu ya ubongo inayoitwa substantia nigra, ambako nyuroni za dopamini hufa, shaba inakutwa imepungua na chuma kimeongezeka. Si bahati mbaya. Ceruloplasmini, protini ya shaba, ndiyo husaidia kukitoa chuma kwenye seli. Shaba ikikosekana, chuma kinalundikana. Watu wanapima dini... samahani, madini 😅 moja moja kana kwamba hayajuani.

Mchanga_Mweupe

Nakazia. Na mwaka 2022 kundi la Tsvetkov lilieleza namna mpya ya kufa kwa seli, wakaiita kuproptosisi: shaba ikizidi ndani ya mitokondria inajishika kwenye protini zenye asidi ya lipoiki, zinagandamana, seli inakufa kwa njia yake ya pekee. Kazi ile ilifanyika kwenye seli za saratani, kwa hiyo anayekuuzia kitu kwa jina la kuproptosisi ya ubongo, mpe muda apumue kwanza.

Kingine ambacho huwa hakisemwi: shaba si ya vimeng'enya tu. Nyuroni ikisisimka, ATP7A inasogea kuelekea pembezoni mwa seli na shaba inatolewa kwenye sinapsi (pale nyuroni mbili zinapokutana), ambako inapunguza kasi ya vipokezi vya NMDA, vinavyoisisimua nyuroni. Inafanya kazi ya breki. Mtoto wa Menkes anapopata degedege, kukosa breki hiyo inawezekana ni sehemu ya sababu.

Tumbili_wa_Jiji

Wakuu mimi nimekuja na langu dogo. Natumia zinki miligramu 50 mara mbili kwa siku, ya kinga, muda mrefu sasa. Kuna uhusiano wowote na shaba? Maana miguu inakufa ganzi na nikifumba macho bafuni nayumba. Nilijua ni umri.

Binti_Maabara

Ndugu yangu, acha kusoma uzi kwanza. Hizo ni miligramu 100 kwa siku, na kikomo cha juu kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni 40.

Zinki nyingi inaufanya ukuta wa utumbo utengeneze metalothionini kwa wingi. Metalothionini inaipenda shaba kuliko zinki, inaidaka, halafu seli za utumbo zinapobanduka baada ya siku chache zinatoka nayo chooni. Kwa mgonjwa wa Wilson hiyo ndiyo tiba. Kwako wewe ni kujinyima shaba bila kujua. Madaktari wameandika visa vya watu walioharibika uti wa mgongo hivyohivyo, wengine kwa sababu ya gundi ya meno bandia yenye zinki waliyoitumia kupita kiasi miaka mingi. Hutokea pia kwa waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo.

Dalili zinafanana mno na upungufu wa vitamini B12: ganzi inaanzia nyayo, mtu anayumba gizani, anemia, chembe nyeupe za damu zinashuka. Watu wanadungwa B12 miezi na hali haibadiliki.

Nenda kwa daktari wiki hii, beba hicho kichupa cha zinki mkononi. Omba upimwe shaba, ceruloplasmini, zinki, B12 na picha kamili ya damu. Usijinunulie vidonge vya shaba ukajitibu. Damu ikipewa shaba hurudi haraka, lakini neva hurudi kwa kusuasua na mara nyingi hazirudi zote, ndiyo maana nakuharakisha.

Tumbili_wa_Jiji

Duh. Sikuwahi kumwambia daktari yeyote kama natumia zinki, sikuihesabu kuwa ni dawa. Nimeweka miadi. Ahsante dada.

kinyonga77

Nimekuja kucheka, nimeondoka natafuta kichupa cha mama kabatini.

Jongoo_Mzee

Nina swali la mwisho kabla sijalala. Tumezaliwa wengi nyumbani. Mdogo wetu wa mwisho ana afya njema kabisa, anacheza mpira. Kuna haja ya kumsumbua na vipimo?

Binti_Maabara

Ipo, mzee. Wilson inarithiwa pale baba na mama wote wawili wanapotoa nakala mbovu ya ATP7B, kwa hiyo kila ndugu wa tumbo moja na mgonjwa ana uwezekano wa 1 kati ya 4. Afya njema ya leo haimtoi kwenye hesabu, shaba hujaa kimyakimya miaka mingi kabla ya dalili. Akikutwa nao sasa anaanza dawa ini na ubongo vikiwa bado vizima. Aanze na macho kwa taa maalumu, ceruloplasmini, vipimo vya ini na mkojo wa saa 24. Kama mabadiliko ya jeni ya mdogo wako mgonjwa yanajulikana, kipimo cha jeni kinamaliza ubishi. Na nyie wengine wote mliozaliwa pamoja, wewe ukiwemo, mpimwe.

Jongoo_Mzee

Sawa. Nitawapigia wote kesho asubuhi.